Chumba Ambacho Onsongo Hakuingia

Pale Manga hapakuwa na mtu aliyeingia vyumba vya kulala vya wenzake kama Onsongo, na hakuna aliyewahi kumsema vibaya kwa hilo. Alikuwa fundi wa stima. Tangu nyaya zilipoanza kuupanda mlima wa Manga, alitambaa chini ya vitanda vya walimu, vya wauza ndizi, vya wachungaji na vya walevi, testa, ile bisibisi yenye kitaa, mdomoni, akitafuta mahali panya alipokata waya. Huko chini aliona mengi. Aliona chupa za waliojiita wacha Mungu, akaona viatu visivyolingana na miguu ya mwenye nyumba, na vyote akaviacha alikovikuta. Watu walimtania kwamba siku atakayofungua mdomo, nusu ya ndoa za Manga zitazimika kwa pamoja. Yeye alicheka tu na kuulizia chai.

Nayasema haya mapema ili tusije tukasingiziana baadaye. Mzee huyu hakuwa mjinga, na mvivu hakuwa. Kazi alijifunzia kwenye kiwanda cha majani chai, chini ya msimamizi aliyemzaba kibao kijana yeyote aliyeacha waya uchi, na tangu hapo aliiogopa stima kama mtu anavyomwogopa fahali aliyemfuga mwenyewe. Aliwafundisha wengine wengi. Wa karibu zaidi alikuwa Onchiri, mtu mzima mwenye mke na ng'ombe wake, ambaye sasa walifanya naye kazi bega kwa bega. Onchiri ndiye aliyepanda ngazi siku ambazo magoti ya mzee yalikataa.

Lakini akivua ovaroli na kufika kwake, Onsongo alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista na mshika desturi, wala hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Na katika desturi zote za Abagusii, watu wa kabila lake, aliyoishika kwa mikono miwili ni chinsoni, ile haya ya heshima inayosimama kama ukuta kati ya mzazi na mtoto aliyeoa. Baba haingii chumba cha mwanawe mwenye mke. Kitanda chake hakitazami. Mbele ya baba, mwana hatamki neno lolote la kuoga, la kuvua nguo wala la kulala, na baba naye hamuulizi. Mkamwana hampi mkwewe kikombe mkononi. Anakiweka mezani, anarudi nyuma, ndipo mzee anakichukua. Vijana wa siku hizi wanayacheka haya. Wako wanaoishi na baba zao katika nyumba za kupanga mjini Kisii, pazia moja likiwa ndilo ukuta, na mbingu haijaanguka. Onsongo aliwajua, akawatikisia kichwa.

Mkamwana wake aliyempenda kuliko wote alikuwa Kemuma, binti aliyetoka kijiji cha Ekerenyo, mke wa mwanawe Bosire. Kumpenda kwenyewe kulikuwa kwa mbali, kama desturi ilivyotaka. Walizungumza habari za mvua na za maharagwe, basi. Kemuma alifanya kazi ya kupima maziwa kwenye chama cha wafugaji huko Nyansiongo, na kila alipopanda Manga alimletea mzee mtungi wa maziwa ya kuganda na kuuweka mezani bila maneno. Onsongo alikunywa yote siku hiyo hiyo. Persis, mkewe, alimwambia kwa mzaha kwamba miaka yote hiyo ya ndoa hajawahi kumwona akimaliza maziwa aliyoganda yeye.

Bosire alikuwa mwalimu wa sekondari. Yeye na Kemuma walikuwa wamepanga nyumba za watu kwa miaka, wakibana matumizi mpaka wakabanika wenyewe, na mwisho wakanunua nyumba iliyokwisha jengwa pale Nyansiongo, kwenye mashamba yale mapana ambayo zamani yalikuwa ya walowezi. Aliyeijenga alikuwa amehamia mbali na hakutaka tena habari zake. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali, yenye dari ya bodi, nyasi za ng'ombe mpaka ugani, na, kilichomwua Kemuma kwa furaha, maji ndani ya nyumba. Mtoto aliyekulia kubeba mtungi kutoka kisimani, akiteleza mlimani wakati wa mvua, hahitaji kuelezwa raha ya bomba. Alimwita Persis kando na kumnong'oneza kwamba huko ndani, kwenye bafu la chumba chao, maji yanatoka ukutani yakiwa moto, ukibonyeza swichi tu. Persis alicheka, akampongeza. Hakumpelekea mumewe habari ile, kwa sababu ilikuwa habari ya bafu la mkamwana, na kwa sababu alijua mumewe ndiye atakayekagua nyumba, ataona mwenyewe au atatuma wa kuona.

Maana Bosire alikuwa amemwomba baba yake jambo moja tu. Hakumwomba mchango. Alimwomba aje aitazame stima ya nyumba, aseme kama nyaya zinafaa au zing'olewe ziwekwe mpya, kabla hawajamleta Ashley, binti yao mdogo, kulala humo. Mifuko ilikuwa imekauka, na kung'oa nyaya za nyumba nzima si mchezo. Lakini Bosire alisema, na alilisema kwa moyo, kwamba neno la baba yake ndilo atakalolifuata.

Onsongo alikwenda Jumapili, akiwa amevaa ovaroli iliyofuliwa. Alianza nje. Alikagua waya unaotoka mlingotini, akaukuta mzima. Akatafuta fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini, ile inayopokea stima iliyopotea na kuimeza kabla haijamdhuru mtu; nyumba nyingi hazina, wezi wa vyuma chakavu wamezing'oa. Hii ilikuwepo, ya kutosha, imefungwa vizuri. Mzee alifurahi. Akaingia sebuleni, akafungua kila soketi, akatazama kila waya kwa macho yake. Akaenda jiko la nje, hali kadhalika. Kazi ya sebule na jiko ilikuwa ya fundi anayejiheshimu.

Kisha akafungua meinswichi, iliyokuwa juu ya mlango wa sebule. Ilikuwa ya mtindo wa zamani, na haikuwa na ile swichi ya kisasa inayojikata yenyewe stima ikivuja. Hilo alilitaja. Halafu akazitambua fyuzi moja moja: ya taa, ya soketi, ya jiko. Ilibaki moja. Waya wake ulipanda ukutani, ukaingia darini na kupotea upande wa vyumba.

"Hii inaenda wapi?" akauliza.

Bosire alitazama vidole vya miguu yake. "Inaenda ndani, Tata."

Mtu mwingine yeyote angeuliza, ndani wapi? Onsongo mwenyewe angemuuliza mteja yeyote wa Manga, na asipojibiwa sawasawa angechukua ngazi na kwenda kuona. Lakini mwana akimwambia baba "ndani" na kutazama chini, amekwisha sema, na baba akiendelea kuuliza amemvua nguo. Mzee alifunga mdomo. Alimpa Bosire ile testa, akamwambia aingie vyumbani aichomeke kila penye soketi, aseme kama inawaka. Bosire aliingia, akakaa kidogo, akarudi na kusema kwamba kila mahali inawaka.

Sasa hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua testa ikiwaka inakwambia stima ipo. Haikwambii kama ikivuja ina mahali pa kwenda. Kulijua hilo ni lazima ufungue, uchungulie. Onsongo alilijua, na nitamtendea haki: alilisema.

"Nitamtuma Onchiri," alisema. "Yeye ni rika lako. Ataingia huko ndani, atatazama vizuri."

Kemuma alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, macho chini, akisubiri wamalize ili aingie. Ashley alikuwa amemshika sketi. Bosire alifuta mikono yake kwenye suruali, akauliza kwa unyenyekevu, "Kuna haja, Tata? Kama wewe umeona iko sawa?"

Hapo ndipo palipoharibika kila kitu, na palikuwa mahali padogo sana. Onsongo hakuwa amesaidia kuinunua nyumba ile. Wazazi wengine huwapa wana wao shamba, ng'ombe, gari. Yeye hakuwa na cha kutoa isipokuwa neno lake, na hapa mwanawe msomi alikuwa amelipokea kana kwamba linatosha, mbele ya mkewe. Ndimi ngapi za wazee zingekataa utamu huo? Kumleta Onchiri kungekuwa kusema kwamba neno la Onsongo limefika nusu. Aliifunga meinswichi.

"Hakuna haja," akasema. "Nyumba iko sawa. Ile swichi ya kujikata mtaweka mkipata nafuu."

Kemuma aliweka kikombe mezani, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kumshukuru. Walihamia baada ya siku chache.

Bomba la bafuni lilianza kumuuma Kemuma karibu mara moja. Hayo yalijulikana baadaye. Lilimuuma kidogo, kama kuchomwa na mwiba, akiligusa huku maji ya moto yanatiririka. Alimwambia Bosire. Bosire naye lilimuuma mara moja mbili. Akamwambia mkewe awe anavaa slipa za mpira akiingia, dawa ambayo nusu ya Kenya inaitumia, na slipa zikasaidia kweli, zikakaa pale mlangoni kama sehemu ya bafu. Mara mbili Bosire alipanda Manga kumwona baba yake. Walizungumza habari za mtihani wa kitaifa na bei ya majani chai.

Siku ya Ijumaa nyumba za Waadventista zina pilkapilka zake. Jua likitua Sabato imeingia, kwa hiyo chakula cha kesho kipikwe leo, nguo zipigwe pasi, na kila mtu awe ameoga. Kemuma alirudi mapema kutoka kazini. Alimwogesha Ashley uani kwenye karai, kwa sababu mtoto alipenda kucheza na maji juani, akamvisha. Kisha akaingia ndani kuoga yeye. Slipa mtoto alikuwa amezivaa, akizikokota uani akijifanya mama. Kemuma hakumnyang'anya.

Onsongo alikuwa kibarazani akipaka viatu vya kanisani rangi wakati simu ilipolia.

"Tata, Kemuma ameanguka," alisema Bosire. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Ameanguka wapi?"

Hata saa hiyo, mke wake akiwa sakafuni, ulimi wa yule mwana ulikwama pale pale ulipokwama siku ile.

"Ndani," alisema Bosire.

Mzee alisimama, kiatu kimoja mkononi. Alijua. Alimwambia Bosire azime meinswichi kwanza, asimguse kabla hajazima. Bosire alisema amekwisha mgusa, ikamtupa ukutani, amezima, lakini Kemuma hajibu.

Onchiri ndiye aliyembeba mzee kwa pikipiki kutoka Manga mpaka Nyansiongo. Walipofika jua lilikuwa bado lipo juu ya mikaratusi. Jirani mmoja alikuwa amekwisha kumpeleka Kemuma hospitalini kwa gari lake, na kutoka hospitalini ilikuwa imekwisha kuja simu kwamba alifika akiwa maiti. Wanawake walikuwa wakilia uani. Watu walipisha njia, na Onsongo akaenda moja kwa moja mpaka ukumbini, mpaka mlango wa chumba cha mwanawe, akasimama.

Onchiri alimshika kiwiko. Alimwambia, kwa upole, kwamba aache aingie yeye.

Mzee aliutoa mkono wake, akaingia.

Kitandani palikuwa pametandikwa nguo za Sabato, zimenyooshwa moja baada ya nyingine: shati la Bosire, kigauni cha Ashley chenye mkanda wa buluu, na gauni la Kemuma la kijani kibichi, kola ikiwa imegeuzwa vizuri. Onsongo alilitazama lile gauni kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Akapita, akaingia bafuni, akainua macho.

Hakuhitaji testa. Ilikuwa shawa ya stima, ile nyeupe ya bei ya chini, imeongezwa baadaye na mtu aliyetaka kumaliza aende. Waya ulioilisha ulikuwa ule mwembamba wa taa, umeungua rangi kwa joto. Na ule waya wa tatu, wa kijani na manjano, ambao ungeipeleka stima iliyovuja mpaka kwenye fimbo ya shaba nje, ulikuwa umekatwa na kuvingirishwa utepe mweusi, ukaachwa unaning'inia peupe. Mtu angeuona akiwa amesimama mlangoni. Kuuona kulichukua muda wa kumeza mate.

Alitoka, akaketi kwenye ngazi ya nyuma. Bosire alikuwa pale. Kisha mzee akamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakumwambia kwamba huko ndani kuna shawa.

"Ningekwambiaje, Tata?" alisema Bosire. "Ningekuambia mke wangu akioga bomba linamuuma? Wewe? Ungenitazama na macho gani?"

Swali lilikuwa la haki. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wale wale wahenga wakatuzalia chinsoni. Tuchague lipi, hawakutuambia. Onsongo alitaka kumshika mwanawe bega. Akamshika. Bosire alilia kwa sauti, na baba yake akalia naye, watu wakiwaona, na hakujali.

Wazee wa ukoo walikutana Jumatatu. Aliyeongoza maneno alikuwa Ongeri, kaka mkubwa wa Onsongo, mtu mwenye fimbo na kauli ndefu. Onsongo alikuja akiwa tayari. Hakuwa amelala wala kula vizuri tangu Ijumaa, na alikuwa ameamua kwamba chochote watakachomtupia atakipokea, hata wakimtenga.

Ongeri alikohoa, akasema kwamba pana jambo zito. Onsongo ameonekana akiingia chumba cha kulala cha mwanawe. Nguo za mkamwana zilikuwa kitandani, naye akazitazama. Watu wameona, na halifichiki. Kwa hiyo itabidi mbuzi achinjwe, maneno yasemwe, ili haya irudi mahali pake kati ya baba na mwana. Mmoja akauliza kanisa litasemaje. Wakabishana kidogo, wakakubaliana kwamba mbuzi ataitwa kitoweo cha waombolezaji, na mchungaji ataombwa aombee chakula. Hivyo kila upande utakuwa umepata chake.

Onsongo aliuliza kuhusu kifo.

"Kifo?" alisema Ongeri. "Kifo hakina wa kukulaumu, ndugu yangu. Ulikwenda, ukatazama panapotazamwa na baba, ukaacha pasipotazamwa. Ungefanya nini zaidi? Wangekuwa wazee wote kama wewe, nchi hii isingeharibika."

Wengine wakaguna kukubali. Mmoja alimshika mkono. Kanisani nako walikuwa wamesema vivyo hivyo kwa maneno yao, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Polisi walikuwa wamekuja, wakaandika ajali, wakaenda zao. Nyanyake Ashley, Persis, alikuwa akijipiga kifua kwamba alijua habari za maji ya moto na hakusema, na Onsongo ndiye aliyekuwa akimbembeleza. Kila alikogeuka alisamehewa. Katika watu wote waliobaki hai, Bosire pekee ndiye aliyelisikia jina la Onchiri likitajwa siku ile sebuleni, na Bosire hakumwambia mtu. Na kweli, hakuna kitu kilichomchoma mzee siku zile kama sifa. Angepigwa angepumua.

Walimzika Kemuma pale pale Nyansiongo, kando ya nyumba yake, upande wa mkono wa kushoto, anapozikwa mke kwa desturi. Usiku mmoja alikuwa amelala sebuleni ndani ya jeneza, taa za kuazima zikiwaka, kwa sababu Onchiri alikuwa ameikata stima nyumba nzima na hakuna aliyetaka irudishwe. Lilikuwa kaburi la kwanza katika kiwanja kile. Nyumba yenye kaburi haiuzwi. Bosire alikuwa sasa amefungwa nayo, yeye na bafu lake, mpaka kufa. Alisimama kando ya udongo mbichi akiwa amemshika Ashley, ambaye alikuwa amevalishwa kile kigauni chenye mkanda wa buluu na aliuliza mara kwa mara watu wataondoka lini.

Watu walipoanza kutawanyika kuelekea penye chakula, Nyanchoka alimwendea Onsongo. Alikuwa mama yake Kemuma, mjane aliyeishi Ekerenyo, mwembamba, aliyechuma majani chai maisha yake yote, mgongo ukajikunja hivyo hivyo. Hakuwa amelia kwa sauti mazishi yote. Wakwe wa namna yao nao wana haya yao. Huongea kwa mbali, na kwa kupitia watu. Yeye alikuja karibu mpaka mzee akaona mishipa ya macho yake.

"Baba Bosire," alisema, "mimi sijasoma, na stima sijui. Nimeelezwa kwamba hukuweza kuingia kwa mwanao. Hilo nimelielewa. Hata marehemu mume wangu asingeingia."

Onsongo aliitikia kwa kichwa.

"Nataka kuuliza moja. Kaunti hii yote ya Nyamira, hapakuwa na fundi mwingine?"

Ongeri, aliyekuwa karibu, alianza kusema kwamba hayo si maneno ya siku kama hii. Onsongo alimwinulia mkono anyamaze. Hatua chache kutoka pale Onchiri alikuwa ameinama, akikung'uta udongo kwenye jembe. Onsongo angeweza kusema lolote, na wazee wote wangemtetea.

"Alikuwepo," alisema. "Nilimtaja kwa jina. Mwanangu aliniuliza kama kuna haja, mwanao akiwa amesimama pale na chai yangu. Nikasema hakuna."

Nyanchoka alimtazama. Kama alikuwa ametarajia kukanushwa, uso wake haukuonyesha.

"Kwa nini?"

"Nilitaka neno langu litoshe."

Onchiri alikuwa ameacha kukung'uta jembe. Bosire alisimama na mtoto mkononi, akamtazama baba yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Ilimjia Onsongo kwamba mwanawe hakuwa akimfichia siri siku zote zile. Alikuwa hakumbuki, alikuwa ameliamini lile "hakuna haja" mpaka akasahau kilichosemwa kabla yake.

Nyanchoka alifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, taratibu. Kisha akamnyooshea Bosire mikono, naye Bosire akampa mtoto. Akasema kwamba Ashley ataondoka naye leo, atakaa kwake Ekerenyo. Ongeri alipaza sauti. Alisema kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba, kwamba haijawahi kutokea akapelekwa kwa kina mama yake kaburi likiwa bado bichi, kwamba Onsongo anaijua desturi kuliko mtu yeyote pale na aseme basi neno.

Wote walimgeukia Onsongo wakingoja neno lake. Alimwambia Persis akamletee mtoto nguo zake.